Kosa la Bwana Chupa

Baba yangu huitwa Bwana Chupa, na asiyemjua hudhani ni mlevi. Kila Jumatatu asubuhi, kwa miaka thelathini na moja, amekuwa akipita mtaani na sanduku la chupa, anatembea polepole zisigongane. Pombe hajawahi kuionja. Ni mchota sampuli wa idara ya maji: anachota maji ya mto na ya bwawa katika vituo vinne, anayapeleka maabara, mkemia anayapima. Ukiieleza kazi yake hivyo, kila mtu atakwambia hata yeye anaiweza.

Haiwezi. Mimi nimelelewa na mtu huyu, najua ninachosema. Chupa inasuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale yatakayochotwa, na suuzo linamwagwa upande yanakoteremkia maji, siyo pale uliposimama. Pete huvai. Ukikohoa karibu na mdomo wa chupa anaiweka kando, anachukua nyingine, na njia nzima ya kurudi hasemi nawe. Nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameolewa na ungo, kila neno likifika kwake lazima lipepetwe kwanza.

Watu walianza kumheshimu kwa sababu ya karakana ya betri. Wakati huo nilikuwa bado shule ya msingi. Huko juu ya mto palikuwa na watu wanaovunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi iliyomo, ile metali nzito ya kijivu, na maji yao ya kuoshea yalikuwa yakiingia mtoni moja kwa moja. Maji hayakubadilika rangi. Ubaya wa risasi ndio huo, hainuki wala haina ladha. Waliotoa habari ni viumbe wa majini wenyewe. Konokono walitoweka kwanza. Kisha wavuvi wa bwawani wakaanza kutoa samaki wenye mikia iliyogeuka myeusi na migongo iliyopinda, na mayai yao kule kwenye matete yakawa yanaoza bila kutoa kifaranga hata kimoja. Wavuvi wakasema ni ugonjwa wa msimu, utapita. Baba akasema ni risasi, tena alikuwa na namba. Kila wiki alipeleka namba. Wenye karakana wakamwita mchawi, wavuvi wakamwita mharibu riziki, na mama mmoja muuza samaki alimmwagia beseni zima la maji ya magamba mbele za watu. Baba alirudi nyumbani ananuka, akabadili shati, akaenda kazini. Ilichukua miaka minne karakana kufungwa na tope lake kuzolewa, na karibu miaka kumi tena kabla konokono hawajaonekana. Siku alipomwona wa kwanza alirudi nyumbani anaimba. Mtu mzima na akili zake, anamwimbia konokono!

Samaki waliporudi na migongo iliyonyooka, aliipeleka nyama yao maabara mara tatu kabla hajaleta mmoja nyumbani. Tangu hapo kila Ijumaa huniletea wawili. "Kula, mwanangu," husema. "Hawa ni safi." Nami nilikula, maana neno lake limeshapepetwa.

Mwaka jana nilikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya hiyo nilikuwa nimepoteza mbili, basi hii ya tatu niliibeba kama mtu aliyekabidhiwa yai na kuambiwa avuke nalo barabara. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kazi nyuma ya soko. Mume wangu alinikataza kunyanyua hata pasi. Samaki tu ndio sikukatazwa, na mkunga alinisifu kwa hilo.

Jumatano moja adhuhuri Baba akatokea mlangoni. Hajawahi kuja adhuhuri. Nilikuwa nampima mteja kiuno.

"Shikamoo, Baba. Karibu kiti."

"Marahaba." Kiti hakukitazama. "Samaki wa Ijumaa umewamaliza?"

"Nimewamaliza. Kwani vipi?"

"Usile tena. Risasi imerudi."

Akanieleza akiwa amesimama vilevile. Vituo vyote vinne vimepanda, mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Mkemia amepima mara mbili. Bwawa limefungwa tangu asubuhi, tangazo limebandikwa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, nyavu zimeanikwa. "Kwa mtu mzima ni mbaya," akasema. "Kwa aliye tumboni..."

Nikasema neno ambalo hadi leo likinijia nafumba macho. "Wewe ndiye uliyeniambia nile. Kwa mdomo wako. Kila Ijumaa."

Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena, akatoka. Mteja wangu alijifanya anasoma kalenda ya ukutani, na kalenda yenyewe ilikuwa ya mwaka juzi.

Jioni hiyo hiyo nilitolewa damu zahanati. Maabara inayopima risasi kwenye damu iko mbali, wakaniambia majibu ni baada ya siku kumi. Siku hizo sizitaki tena maishani mwangu. Nilishona sare ya shule nikaweka mkono wa kulia kushoto. Usingizi ulinikimbia. Mtoto akicheza tumboni nilijiuliza anacheza au anahangaika, na akitulia nilijiuliza kwa nini ametulia. Nilimkasirikia Baba, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia, kisha nikamkasirikia upya kwa sababu ni yeye aliyenifanya nijikasirikie.

Mume wangu ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, nyumba mbili kutoka kwetu. Alirudi na sahani zikiwa vilevile. "Amezungukwa na makaratasi," aliniambia. "Anaongea nayo."

Jumapili Baba akaja. Hakunisalimu hata kidogo.

"Kituo cha kwanza," akasema.

"Kina nini?"

"Ni chemchemi. Iko mlimani, juu kabisa, juu kuliko ilipokuwa karakana. Huko kuna mawe na miti tu. Nako wanasema mara sita, sawa na bwawani. Maji hayapandi mlima, mwanangu."

"Labda kuna mtu kaenda kumwaga kitu huko."

"Abebe betri mgongoni mpaka kileleni, akose pa kuitupa hapa chini palipojaa majalala? Kesho naenda kuchota upya, na mkemia anakuja."

"Nami nakuja."

"Na tumbo hilo?"

"Tumbo ndilo linalokwenda, mimi nalisindikiza tu."

Gari la idara lilitupeleka karibu na chemchemi, tukamalizia kwa miguu, Baba mbele na sanduku lake, mkemia nyuma yangu akinitazama kama anayesubiri nianguke. Mkemia wao ni dada wa umri wangu, mpole, hasemi sana. Tulipofika Baba hakufungua sanduku. Alikunja suruali, akaingia kwenye maji, akapindua jiwe.

"Njooni muone."

Chini ya jiwe walikuwa wamejishikilia vijidudu vidogo bapa, kila kimoja na mikia mitatu myembamba kama uzi wa kushonea. Pembeni yao konokono wawili.

"Hawa hufa wa kwanza," Baba akasema. "Wakati wa karakana ungeweza kupindua mawe kutwa nzima usipate hata mmoja. Kwa namba tuliyoandika, jiwe hili lingekuwa tupu."

"Mzee, mashine nimeikagua mara mbili," mkemia akasema.

"Sijaisema mashine, binti yangu. Nasema hawa hawajaisoma ripoti yetu."

Basi akaanza kazi. Akatoa chupa, akaifunga kamba, akaisuuza mara tatu kama kawaida yake, tayari kuitumbukiza pale penye kina. Chupa tupu huelea, kwa hiyo lazima ifungwe kitu kizito cha kuizamisha. Nilimwona mkemia akikunja uso.

"Mzee, hicho kinachoning'inia shingoni mwa chupa ni nini?"

"Chubwi. Ya kuizamisha."

"Si ulikuwa unatumia jiwe?"

"Jiwe langu lilichomoka likazama bwawani wiki mbili zilizopita, mwishoni mwa mzunguko. Wavuvi wakanipa hii, wameichomoa kwenye wavu wao. Chubwi nzuri tu, ya..."

Aliivuta kamba taratibu, akakishika kile kidonge cha kijivu kwenye kiganja, akakikwaruza kwa ukucha. Kilikwaruzika, kikang'aa.

"Ya risasi," akasema.

Chubwi za nyavu ni za risasi, hata mimi fundi cherehani najua. Na hii aliifunga karibu kabisa na mdomo wa chupa. Ilikuwa ikisuguana na chupa, maji yakichuruzika juu yake na kuingia ndani. Mkemia naye huitia kila sampuli tindikali ili isiharibike, na tindikali huyeyusha hata chembe ambayo jicho haliioni. Yaani mtu asiyeruhusu pete kidoleni alikuwa amelifungasha donge zima la risasi, akalitembeza vituo vinne, akalisuuza mara tatu kila kituo kwa heshima zote. Wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako.

Nilidhani ataona aibu, nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji. Baba aliketi kwenye jiwe lenye maji, suruali ikalowa mpaka kiunoni, akacheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka na kuanza safari yake ya kwenda bwawani. "Ni mimi!" akawa anasema. "Siyo maji! Ni mimi!" Namjua mtu huyu tangu nizaliwe. Amebishana na mama, na majirani, na wakubwa wake wa kazi, na mara zote nilimwona akifurahi kwa kuwa amepatia. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona anashangilia kwa kuwa amekosea.

"Ningekutumbukiza humo humo na hiyo chubwi yako shingoni!" nilimfokea. "Wiki nzima sijalala! Mzee mzima!" Kisha nikaketi kando yake, na sijui kama nilikuwa nalia au nacheka. Mkemia peke yake ndiye aliyebaki na akili timamu. Aliifukuzia kofia, akairudisha, akasema tusishangilie bado, tutafute jiwe tuchote upya vituo vyote.

Tukachota. Jumatano majibu yakatoka, na risasi ilikuwa chini kabisa, kama ilivyokuwa miaka yote hii. Alasiri tangazo likabanduliwa.

Mkuu wa idara, mtu mwema, alitaka kumsitiri. Baba alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. "Tuandike hitilafu ya kifaa, Mzee. Yaishe."

"Kifaa hakikujifunga chenyewe," Baba akamjibu. "Ukiandika kifaa, kesho atatokea mwenye karakana nyingine, aseme na namba zake ni kifaa." Akachukua kalamu, akaandika kosa lake kwa mkono wake, hatua kwa hatua, mpaka ukubwa wa ile chubwi. Halafu akaenda mwaloni kwa miguu, nami nikaenda naye. Akasimama mbele ya wavuvi na wauza samaki, akasema, "Nimekosea mimi. Bwawa halina kosa. Nawaomba radhi." Mama yule wa miaka ile, sasa mvi tupu, alimpa maneno yake bila kupumua: wiki nzima amekaa bure kama jiko lisilo na moto, na nani atamrudishia wiki yake? Beseni lilikuwa miguuni pake, nikawa siliondolei macho. Baba alisikiliza yote, kofia mkononi. Mama yule alipochoka akamwambia, "Haya, nenda. Angalau wewe ukikosea unakuja kusema." Akageukia samaki wake.

Lakini majibu ya damu yangu yalikuwa hayajarudi. Kwa hesabu, hapakuwa na la kuhofia tena. Moyo lakini hauendi kwa hesabu, na Baba naye, kicheko cha chemchemini kilikuwa kimemwisha. Jumamosi nikaenda kuchukua bahasha, sikuifungua, nikaipeleka kwake. Aliosha mikono. Alivaa miwani. Nilipompa bahasha hakuipokea.

"Soma wewe."

Nikasoma. Risasi haikuonekana.

Nilingoja aseme alhamdulillahi, au acheke, au lolote.

"Nani aliyekutoa damu?" akauliza.

"Muuguzi."

"Alivaa glavu?"

"Alivaa."

"Kichupa kilikuwa kipya?"

"Alikifungua mbele yangu."

"Na kizibo?"

"Baba!"

"Kizibo, mwanangu."

"Kipya, Baba. Kilikuwa kipya."

Hapo ndipo alipoamini. Alivua miwani, akaiweka mezani vizuri, akafunika uso kwa mikono, akalia. Hata siku ya kumzika Mama sikumwona akilia hivyo. Nilimkumbatia kadiri tumbo liliporuhusu.

"Nisamehe lile neno la kule kazini kwangu," nikamwambia.

"Lilikuwa neno la kweli. Mimi ndiye niliyekuambia ule."

"Na nilikula," nikasema, "na wote wawili tu wazima."

Akatikisa kichwa, akajipangusa kwa shati, kisha akaniomba nimsomee karatasi ile mara nyingine, polepole, tangu mwanzo.