Kwenda Kumwomba Nabintu Kwenye Theluji

Tuliondoka Johannesburg kwa sababu ya mtoto ambaye hatukuwahi kumwona. Mdogo wangu Amani alifariki mwezi Machi mwaka 2017 katika kijiji cha milimani nchini Uswisi, alikokuwa mpishi wa hoteli. Moyo wake ulisimama akiwa kazini. Viza zetu hazikutoka kwa wakati, akazikwa bila ndugu yake hata mmoja. Aliacha mke, Claire, mzaliwa wa kijiji hicho hicho, na binti wa miaka sita aliyepewa jina la mama yetu, Nabintu.

Mama yuko Bukavu, tulikozaliwa. Macho yake yanafifia, na daktari amemwambia waziwazi kwamba hayatapona. Agizo alilonipa lilikuwa fupi. "Wewe ndiye mkubwa. Nenda ukamwombe huyo mtoto. Julai nitakuja kwenu Johannesburg, nimkute hapo, nimwone ningali naona."

Kulikuwa na tatizo. Muda mfupi baada ya mazishi, Mama alimpigia Claire simu kwa msaada wa jirani anayejua Kifaransa, akamwambia kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Tangu siku hiyo Claire alitujibu kwa adabu na kwa maneno machache. Alikubali tumtembelee Desemba. Kuhusu Julai hakusema lolote.

Mimi ni fundi wa majokofu. Karakana yangu iko Bertrams, si mbali na nyumbani kwetu Troyeville. Baridi naijua kwa kuitengeneza. Sikuwahi kuishi ndani yake. Nilisoma kila nilichopata kuhusu mavazi ya theluji, nikanunua viatu vya soli nene na soksi za sufu. Mke wangu Furaha, fundi cherehani, alikuwa na maandalizi yake. Alishona sare ya kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano: shati langu, gauni lake, gauni la binti yetu Neema, na kigauni cha Nabintu kwa kipimo alichokisia kutoka kwenye picha.

"Na Claire?" nikamwuliza.

"Papa Neema, umesahau? Yule bado yuko kwenye kilio. Nani amemwondolea matanga? Nikimpelekea kitenge cha sherehe si nitakuwa namtukana?"

Alisema kweli. Kwetu mjane hapewi kitambaa kipya cha ukoo mpaka upande wa mume umwendee na kumtamkia kwamba kilio kimekwisha. Nilifunga sanduku bila kuuliza tena.

Siku ya kuondoka ilikuwa ya jua kali. Teksi iliposimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, karibu na Bez Valley, Neema, mwenye miaka kumi na mitatu, aliuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, "Na wakitunyima, Papa?"

"Tutakuwa tumeomba," nikasema.

"Eish," akasema, akageukia dirishani.

Asubuhi iliyofuata tulitua Zurich. Askari wa uhamiaji alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Aliuliza tumekuja kufanya nini. Nikamwambia: kumwona mtoto wa marehemu ndugu yangu. Akatazama pasipoti zetu moja moja.

"Mtarudi wangapi?"

Furaha akainamisha kichwa na kuanza kurekebisha kamba ya begi lake. Nikajibu, "Watatu." Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza kwa jinsi ilivyokuwa ndogo. Askari akagonga mihuri.

Bern tulilala usiku mmoja ili kupumzika. Hosteli ilikuwa safi, sakafu za mbao, bomba za joto chini ya madirisha. Chakula cha jioni kilikuwa rösti, yaani viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa vikashikana kama chapati nene, na yai juu yake. Ni chakula kizuri cha mtu mwenye njaa. Chumbani, kando ya kitanda kidogo cha Neema, tulikuta kitanda kimoja kipana kikiwa na mablanketi mawili ya manyoya, kila moja la mtu mmoja, yamekunjwa kila upande.

"Hawa wameoana au wamepanga tu chumba pamoja?" Furaha aliuliza. Tulicheka. Kilikuwa kicheko chetu cha kwanza tangu Johannesburg, na hakikudumu, kwa sababu aliongeza: "Claire atatulaza wote watatu wapi?"

Sikujua. Nilidhani nyumbani kwake. Shemeji hulazwa wapi kwingine?

Kutoka Bern tulishika treni mpaka mji wa Sion, kisha basi la njano la posta. Barabara ilipanda kwa kona za kurudi nyuma, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa tupu. Kabla ya kila kona dereva alipiga honi ya sauti tatu, kama mtu anayebisha hodi. Theluji ilikuwa imerundikwa kandokando ikapita madirisha. Neema alinishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu aanze sekondari. Mimi sikuogopa kona. Nilikuwa nikipanga maneno ya Kifaransa ya kumwomba mtu mtoto wake, na kila sentensi niliyoipanga ilisikika kama madai.

Claire alikuwa kituoni, mwanamke mrefu mwenye koti la kijivu. Mtoto alisimama nyuma ya koti hilo, akatuchungulia. Paji la uso lilikuwa la Amani. Nilichuchumaa kwenye theluji.

"Habari, Nabintu."

Alijificha tena. Claire alitusalimu kwa mkono, kisha akasema, "Nimewachukulia chumba kwenye nyumba ya wageni. Mtapata nafasi zaidi."

Chumba chenyewe hakikuwa na kasoro. Mwenye nyumba, mzee mnene mwenye ndevu, alituletea supu ya shayiri na mkate mweusi. Lakini Furaha hakuvua koti.

"Ametuweka hotelini. Shemeji zake! Nyumba yake ina ghorofa mbili, nimeiona kwa macho yangu alipotuonyesha."

"Anatuogopa," nikasema.

"Anaogopa nini? Mimi nina nini cha kuogopesha, hii sindano yangu?"

Siku iliyofuata, mchana, tulialikwa chakula kwa Claire. Tulivaa sare chini ya makoti. Mlangoni tulivua viatu, kisha makoti, na ndege wa manjano wakaijaza sebule. Mama yake Claire, Madamu Odile, aliyekuwa mezani, alituangalia mmoja mmoja. Nusu gurudumu la jibini lilikuwa limeelekezwa kwenye moto wa umeme. Linapoyeyuka hukwanguliwa juu ya viazi vya kuchemsha na kuliwa na matango ya siki. Huko huitwa raclette.

"Juzi viazi, leo viazi," Furaha alininong'oneza, "ila leo wamevifunika shuka."

Alimpa Nabintu kigauni chake. Mtoto alikivaa hapo hapo juu ya sweta, akajitazama kwenye kioo, akakimbia kusimama kati ya Neema na mimi. Claire akatoka jikoni na bakuli la viazi. Alisimama. Macho yake yalipita kwangu, kwa Furaha, kwa Neema, kwa mtoto.

"Wanne," alisema. "Mmeshona za watu wanne."

Aliweka bakuli mezani, akamshika mtoto mkono, wakapanda ngazi. Tulisikia mlango ukifungwa, kisha mtoto akilia kwamba hataki kuvua.

Madamu Odile aliendelea kukwangua jibini. "Halingoji," alisema. Alinisogezea sahani. "Binti yangu halali tangu mliposema mnakuja. Semeni mlichokuja kusema."

Nikasema. Julai, Johannesburg, macho ya mama yangu.

"Na kumrudisha?"

"Na kumrudisha."

"Nani ananihakikishia?"

Furaha, ambaye Kifaransa chake ni cha kuungaunga, aliweka uma chini. "Mama, hilo gauni. Sikumshonea Claire kwa sababu bado analia mume. Kwetu sisi ndio tunaokuja kumwambia basi, yatosha. Kabla ya hapo, kumvika kitenge kipya ni matusi."

"Kwa hiyo amekuwa akiwangoja ninyi," Madamu Odile alisema polepole, "bila mtu kumwambia kwamba anangoja?"

Claire alikuwa ameshuka mpaka katikati ya ngazi. "Mimi nilidhani mnanilaumu," alisema. "Mama yenu alipiga simu kudai mtoto. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza Amani alikufaje."

Nilitaka kueleza kwamba kwetu mfiwa haulizwi hilo, husubiriwa aseme mwenyewe. Niliona kwamba nikianza kueleza nitakuwa nazidi kujenga ukuta. "Alikufaje, shemeji?" nikauliza. Akakaa kwenye ngazi, akatusimulia. Viazi vilipoa.

Asubuhi yake tulikwenda makaburini, juu ya kanisa. Madamu Odile alibaki na watoto. Nilichimba theluji kwa koleo mpaka msalaba wa mbao wenye jina la ndugu yangu ukaonekana wote. Kisha nikafanya kilichonipasa nikiwa mkubwa wa familia. Maneno ya kuondoa matanga kwetu yana sehemu tatu. Nilimwambia Claire kwamba hakumuua mtu wetu. Nilimwambia kwamba yuko huru kucheka, kuvaa na hata kuolewa. Sehemu ya tatu ni ya watoto: hapo mkubwa hutamka watoto ni wa nani. Mama alikuwa amenipa maneno yake, neno kwa neno, na Furaha aliyajua. Claire naye alielewa kwamba hapo ndipo penyewe. Aliacha kupumua, au mvuke wa pumzi yake ulikoma.

"Mtoto ni wako," nikasema, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. "Sisi ni ndugu zake."

Furaha alinishika mkono wa koti kwa nguvu. Hakunivuta, lakini hakuniachia mpaka tulipofika getini.

Mchana huo Claire alituachia Nabintu. Mtoto alimfundisha Neema kuteleza kwa kigari cha mbao kisicho na magurudumu kwenye mteremko nyuma ya shule, akipiga kelele ya kutaka tena na tena, na mimi nikiwavuta kupanda kama punda.

Siku ya kurudi Claire alitusindikiza kituoni. Basi likiwa linaonekana kona ya chini, alisema, "Julai, hapana. Bado siwezi. Akifika miaka kumi nitamwuliza mwenyewe, na akitaka nitampandisha ndege."

"Kumi!" Furaha alisema. "Mama atakuwa haoni kabisa."

"Najua. Sikusema kwamba ni haki." Alimkumbatia Furaha, na Furaha, baada ya kusita, akamkumbatia.

Troyeville tuliikuta na mvua ya alasiri. Katika safari hii nimejifunza kwamba heshima ambayo mwenzako haijui anaweza kuiona kama mlango uliofungwa, na kwamba anayekwenda kuomba awe tayari kunyimwa. Asipokuwa tayari, amekwenda kudai. Haya niliyajua kabla ya kumpigia Mama simu. Hayakunisaidia sana.

"Umempata?" aliuliza.

"Hapana, Mama." Nikamweleza nilichosema kaburini, na alichosema Claire kituoni.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Miaka kumi," alisema. "Ana sita." Nilimsikia akimwambia mtu apunguze redio. Aliporudi, sauti yake ilikuwa karibu zaidi na simu. "Sauti yake ikoje?"

Nikamwambia ni nzito kuliko ya watoto wa umri wake, ina mkwaruzo kidogo, na kwamba akifurahi humeza mwisho wa maneno kama alivyofanya Amani.

"Endelea," Mama alisema. "Usikate."