Miaka 31 ya kuwaandikia wakuu, sasa Mzee Pumzi anatafuta maneno yake

Saa moja kasoro robo asubuhi. Jengo zima bado liko kimya, lakini Mzee Pumzi amekwishasimama katikati ya chumba chake cha kazi, karatasi mkono wa kushoto, penseli nyekundu mkono wa kulia. Anasoma kwa sauti. Akifika mahali pumzi inapokata, anachora kistari chekundu, anarudi nyuma, anaanza upya.

Chumba ni kidogo kuliko mtu anavyotarajia. Kina meza ya mbao iliyochubuka kona, kabati la chuma lenye kufuli mbili, saa ya ukutani inayokwenda mbele dakika tano, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kiti cha mgeni hakuna. Mgeni hukaa juu ya boksi la karatasi, na mwandishi wa habari hii alikaa hapo hapo bila kinyongo.

“Hotuba haiandikwi kwa kukaa,” anasema bila kuinua macho. “Atakayeisema atakuwa amesimama. Ukiiandika umekaa, na yenyewe inatoka imekaa.”

Ni mwandishi mkuu wa hotuba za mkuu wa nchi. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na moja, chini ya wakuu watatu. Kwa hesabu yake hotuba zaidi ya elfu mbili na mia nane zimepita mikononi mwake, na hakuna hata moja yenye jina lake.

Mwisho wa mwezi huu anastaafu. Hilo amelipokea vizuri, tena anasema miguu ilishachoka kusimama. Kinachomnyima usingizi ni jambo jingine. Siku nane baada ya kukabidhi ofisi, binti yake wa pekee anaolewa, na bibi harusi amemwomba baba yake azungumze ukumbini, kwa sharti moja.

“Ameniambia, ‘Baba, siku hiyo uzungumze wewe,’” anasimulia. “Nikamuuliza, kwani siku zote nikizungumza huwa anazungumza nani?”

Ameshaandika rasimu kumi na moja. Zote zimeishia kwenye mashine ya kukatakata karatasi.

Binti ana sababu ya kuwa na shaka, na ukoo mzima unaijua. Miaka kumi iliyopita, mdogo wake Mzee Pumzi alipooa, yeye ndiye aliyesimama kuisemea familia. Alishika kipaza sauti, akakohoa kidogo, akawashukuru wananchi kwa kujitokeza kwa wingi. Kisha akaahidi kwamba ndoa ile itafuatiliwa kwa karibu na matokeo yataonekana ndani ya mwaka wa kwanza.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Wakwe, ambao hawakuwa wamemzoea, walisimama kumpigia makofi. Mpaka leo shemeji zake wanamwita Mheshimiwa, na mtoto wa kwanza wa ndoa ile, aliyefika miezi kumi na moja baadaye, nyumbani anaitwa Matokeo.

Alianza kama mwalimu wa sekondari. Mkuu wake wa shule alikuwa anastaafu na hakuwa na la kusema, basi akamwomba kijana mwenye mwandiko mzuri amwandikie kurasa mbili. Mgeni rasmi alikuwa ofisa kutoka ikulu. Alisikiliza, akauliza nani kaandika, na wiki tatu baadaye gari likaja kumchukua mwalimu katikati ya kipindi cha nne.

Watu walidhani ameukata. Mshahara wake ikulu ulikuwa ule ule wa ualimu, na kwa miaka sita ya mwanzo mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeleta nyumbani fungu kubwa zaidi kwa sababu alifundisha masomo ya ziada jioni.

“Mimi nilileta heshima, yeye akaleta unga,” anasema, na anacheka mpaka anavua miwani.

Jina la Mzee Pumzi alipewa na mkuu wa pili. Mkuu wa kwanza alikuwa na kifua kipana, mtu wa kusema maneno kumi na tano bila kuvuta hewa, na kwa miaka tisa mwandishi wake alizoea kumpa mistari mirefu. Alipoingia wa pili, mwandishi hakushtuka. Akaandika kama alivyozoea.

Huyu wa pili alikuwa na pumzi fupi tangu utotoni. Katika hotuba yake ya kwanza uwanjani alikatikia katikati ya sentensi, akameza mate, na watu wakidhani amemaliza wakapiga makofi. Wakashangilia nusu sentensi. Ikatokea mara tisa.

Kesho yake mwandishi aliitwa. Alikwenda akiwa ameshafungasha vitu vyake kwenye boksi, roho mkononi. Mkuu hakumfokea. Alimwambia, “Umeniandikia mapafu ya mwenzangu. Twende unisikilize ya kwangu.” Wakapanda ngazi ghorofa tatu, wawili hao, walinzi nyuma, mmoja akihema na mwingine akihesabu. Pumzi moja ilimtosha maneno saba. Tangu siku hiyo mkuu akawa anamwita Mzee Pumzi, ingawa alikuwa na miaka thelathini na minane tu.

“Niliwajua kwa pumzi zao,” anasema, na sasa sauti yake imeshuka. “Wa pili alipoanza kuumwa, mimi nilijua kabla ya watu wengi. Mistari ilifika maneno matano, halafu manne. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nafupisha tu.”

Huyu wa sasa, anaongeza, hana shida ya pumzi. Shida yake ni kujua pa kukomea.

Ukitaka kumwona Mzee Pumzi akilainika uso mzima, muulize hotuba zilikuwa zinajaribiwa wapi. Karatasi za kazi haziruhusiwi kutoka nje ya lango. Kwa hiyo kila jioni aliifunga hotuba kabatini, akatoka kwa miguu, na kwa dakika arobaini za njia aliirudia kichwani neno kwa neno. Alichokisahau kabla ya kufika nyumbani, kesho yake alikifuta.

“Kama mimi niliyekiandika nimekisahau barabarani, mwananchi atakikumbukaje?”

Akifika aliingia jikoni. Mkewe alikuwa pale, amempa mgongo, anakatakata mboga juu ya kibao. Yeye alisimama mlangoni na kuisema hotuba yote. Mama hakuwahi kutoa maoni. Mstari mbovu ulipita na kisu kikaendelea. Mstari mzuri ulipokuja, kisu kilisimama. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chote, na asubuhi yake mistari iliyosimamisha kisu ndiyo iliyobaki.

Tukamuuliza kama huko hakukuwa kuvunja kiapo chake cha kutunza siri. Akatabasamu kwa pembe ya mdomo. Kiapo, alisema, kilitaja karatasi. Na anaapa kwamba mkuu wa kwanza alijua, maana siku moja, dakika chache kabla ya kupanda jukwaani, alimvuta pembeni na kumnong’oneza, “Na huko jikoni wamesemaje?”

Ni kumbukumbu tamu, na anaisimulia kama mtu anayeonja kitu kidogo kidogo kisiishe. Lakini jikoni mle alikuwamo mtu wa tatu.

Binti yake alizaliwa asubuhi ya hotuba ya sikukuu ya taifa, na baba alimwona siku ya tatu. Alipokua alifanya kazi zake za shule kwenye meza ya jikoni, na baba akiingia ilikuwa marufuku kusema. Daftari lilisubiri hotuba iishe. Mara nyingi hotuba ilipoisha, mtoto alikuwa amelala juu ya daftari.

Leo binti huyo ana miaka ishirini na saba na ni mpima ardhi. Alizungumza nasi kwa simu, kwa kicheko kisichokuwa na hasira.

“Baba ni mtu mzuri, sina neno naye,” alisema. “Ila nilizijua sauti za wakuu watatu kabla sijaijua ya kwake. Nilipofaulu mtihani wa mwisho alinipongeza kama wilaya iliyovuka lengo. Siku yangu nataka kumsikia yeye, hata kama ni dakika moja.”

Pengine ingekuwa rahisi kama jikoni kungekuwa vile vile. Miaka miwili iliyopita mama aliugua homa kali, na baada ya hapo masikio yakaanza kufifia. Mumewe hakugundua. Jioni moja alimwambia mstari aliouamini kuliko yote ya mwaka ule, na kisu kikaendelea. Kesho yake akaufuta, akaandika mwingine. Kisu kikaendelea. Aliubadilisha mara tatu.

“Jioni ya tano nikasema mstari ambao huwezi kuusikia ukaendelea kukata karoti,” anasema. “Nikasema, mama, nyumba inaungua. Akaendelea.”

Anachezea penseli.

“Nilikuwa naua mistari mizima, kumbe haikuwa na kosa lolote. Na mke wangu alikuwa anaondoka kwangu kidogo kidogo, mimi nafuta karatasi.”

Mama alipewa vifaa vya masikio hospitali, lakini vinapiga mluzi, akavitia kwenye droo ya vijiko. Anafuata midomo ya mtu akizungumza mbele yake, polepole, kwa maneno machache. Mzee Pumzi hakurudi tena kusema hotuba jikoni. Wakubwa hawajalalamika, hotuba zinapigiwa makofi, lakini yeye mwenyewe anasema tangu hapo anaandika gizani.

Jumamosi alasiri tulimfuata nyumbani. Ni nyumba ya vyumba vitatu yenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang’aa, na jikoni mna meza moja, ile ile. Mama alikuwa ameketi na karoti zake. Mzee Pumzi alisimama mlangoni, nyuma yake, mahali aliposimama miaka yote, akatoa rasimu ya kumi na mbili mfukoni. Mama aliona kivuli ukutani, akageuka.

“Njoo huku mbele,” alimwambia, kwa sauti kubwa kidogo kama wanavyosema wasiosikia sauti zao wenyewe. “Umenisemesha mgongo miaka yote hiyo. Sasa nasikia kwa macho.”

Akaenda mbele. Ilionekana wazi kwamba hakuwahi kusimama upande ule wa meza. Akaanza: leo ni siku ya furaha kubwa kwa familia zetu mbili. Kisu kikaendelea. Tumekutana hapa kushuhudia ukurasa mpya. Kisu kikaendelea, na mama akainua macho mara moja, akayarudisha kwenye karoti. Mzee Pumzi akavuta hewa, akaruka mistari mitatu, akasoma kitu kuhusu misingi imara ya maadili. Karoti nzima ikaisha.

Akaikunja karatasi. Akairudisha mfukoni. Akabaki na mikono mitupu, na mtu ambaye amewapa wengine maneno ya kuombea kura, kutangaza amani na kuzika mashujaa alikaa kimya karibu dakika nzima.

“Huyu binti amelelewa na mama yake,” akasema, polepole, ili aonekane. “Mimi nilikuwa naandika.”

Kisu kikapungua mwendo.

“Alikuwa ananiletea daftari, namwambia subiri. Akasubiri, hakulalamika.” Akavuta hewa. “Asante kwa kunisubiri, mwanangu.”

Kisu kikasimama. Mama akakiweka mezani, akajifuta mikono kwenye kanga yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja akatoa maoni.

“Hapo,” alisema. “Usiongeze kitu.”

Mzee Pumzi aliketi. Tukamuuliza baadaye, nje, kama hana wasiwasi binti akayasoma maneno hayo gazetini kabla ya siku yenyewe. Akasema binti yake hasomi magazeti kabisa, maana utotoni alizisikia habari zote kabla hazijatokea.

Mipango mingine anayo. Ofisi ataikabidhi pamoja na funguo mbili za kabati, ila penseli atabaki nayo. Anataka kila jioni aketi upande wa mbele wa meza ya jikoni na kumwambia mkewe mambo ya siku, hata kama ni bei ya nyanya. Wasimamizi wa harusi ameshawaomba waweke kiti cha mama mbele kabisa, mkabala na kipaza sauti, taa isimpige machoni. Karatasi hatabeba.

Kuna jambo moja tu lililobaki, na analisema huku akitazama vidole vyake. Pumzi za wakuu watatu alizijua kwa hesabu, lakini ya kwake hakuwahi kuipima mpaka Jumamosi ile, na ilimkatikia kabla ya mstari wa mwisho.

“Una maneno manne tu mstari ule,” anasema. “Naomba siku hiyo pumzi inifikishe.”