Siku Taya Langu Lilipoteguka

Nakumbuka Jumapili moja kule Tetu, mwanangu, miaka ile ya tisini, nilipopiga mwayo katikati ya mahubiri na mdomo ukakataa kufungika. Kitu kililia kaa! karibu na sikio. Nikasukuma kidevu kwa mikono yote miwili. Wapi! Mate yakanitiririka hadi kwenye gauni, na mtu nyuma yangu akapiga yowe kwamba nimeingiwa na pepo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Na usinicheke: tangu Krismasi nilikuwa sijamsemesha mama yangu, kwa sababu alinikatalia kwenda kufanya kazi hotelini Nanyuki. Tulikamua ng'ombe pamoja, tukala pamoja, nami nimekaza meno tu. Lakini yeye ndiye aliyenifikia kwanza. Akanifunika kwa leso yake watu wasinitazame, na njia nzima hadi hospitali Nyeri akawa ananipangusa mate.

Daktari alivaa glavu, akatia vidole gumba kinywani, akakandamiza magego chini, kisha nyuma. Taya likarudi mahali pake. Nililia kama mtoto.

"Huyu akilala husaga meno?" akauliza.

"Kila siku, daktari. Ni kama anatafuna mawe. Na soda anafungua na meno."

Daktari akasema kiungo cha taya nacho huchoka. Ukikaza meno kutwa kwa hasira, ukayasaga usingizini, ukafungulia chupa, misuli huumia na kiungo huharibika. Akamgeukia mama: "Ana nini moyoni?"

Mimi nilikuwa nimefungwa bendeji kidevuni hadi utosini.

"Ni mimi," mama akasema, machozi yakimtoka. "Dada yangu alienda Nanyuki akiwa na umri huu. Tuliletewa maiti."

Sikuwa nimewahi hata kusikia kwamba mama alikuwa na dada. Nikamshika mkono, basi.

Mwanangu, taya likianza kulia au kuuma unapotafuna, usifiche kama mimi nilivyoficha miezi mingi. Nenda hospitali mapema. Usifanye meno kuwa kifungulio. Na ukiwa na uchungu na mtu wa kwenu, muulize, umsikilize. Mungu akulinde, akupe kinywa cha kucheka, na watu wa kucheka nao.