Wazimu Wawili Weupe

Walipopiga kura ya rangi baada ya misa na kuniambia kwamba Jumapili inayofuata, katika fainali ya sataranji ya parokia, nitacheza kwa vipande vyeupe, nilikimbia kutoka ukumbini kama mtoto aliyeokota embe. Mwenye vyeupe ndiye anayeanza. Mwenye kuanza anaweza kuchagua vita atakavyo. Na mimi, mwalimu wa shule ya msingi niliyekuwa kwenye mgomo kwa miezi isiyohesabika, sikuwa na kitu kingine chochote cha kuchagua.

Ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo Likasi, mji wetu wa viwanda huko Kongo, ilikuwa imesimama. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha Shituru, lakini kiwanda chenyewe kilikuwa kikikohoa siku moja na kulala siku tatu. Basi asubuhi alivaa ovaroli yake, akaenda mpaka getini, akasalimiana na wenzake, akarudi nyumbani kucheza nami. Vipande vyetu vilichongwa na mafundi wa kiwanda enzi za neema: vyeupe vya alumini, vyeusi vya shaba. Malkia mweusi alikuwa mzito kiasi kwamba mama alimtumia kugandamiza kifuniko cha sufuria ya maharagwe, nasi tukilazimika kumngoja aive pamoja na maharagwe ndipo tuanze.

Mpinzani wangu alikuwa mzee aliyewahi kuwa mkuu wa stesheni. Treni zilikuwa zimekuwa adimu kama mvua ya Julai, lakini yeye hakuacha kofia yake ya relwe hata kanisani. Uchezaji wake ulijulikana mji mzima. Hakushambulia kamwe. Alikaa, akangoja ukosee, akala kila kilichoachwa bila mlinzi, hata kama ni askari mdogo wa pembeni. Ukimuuliza kwa nini anahangaika na kaaskari kale, anajibu, "Pioni ni pioni." Mwishoni anabaki na askari mmoja zaidi yako, na huyo mmoja anakuzika.

Jumatatu mimi na kaka tuliketi barazani, ubao katikati.

"Cheza ya Kihispania," akasema, akitaja ule ufunguzi wa wazee. "Polepole. Iko na heshima."

"Yaya," nikajibu, maana kwetu ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "ile mzee anaijua kuliko Baba Yetu. Atanilalisha usingizi."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka aogope."

Kaka akanitazama, kisha akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, tabasamu nililolijua tangu utotoni, lile lililotangulia kuiba mapera. Tulijaribu kwanza ule ufunguzi wa kumtoa sadaka askari anayemlinda mfalme. Nilijisikia shujaa kwa muda mfupi sana. Mfalme wangu akabaki mlango wazi, upepo ukaingia, kaka akanipiga, akanipiga tena, na mara ya mwisho alicheka hadi akakosa pumzi.

Siku iliyofuata ndipo akakumbuka jambo alilofundishwa na mwalimu wake wa shule ya ufundi: ufunguzi wa Kidenmark. Unatoa askari wa kwanza. Akiliwa, unatoa wa pili. Halafu vile vipande vyako viwili vinavyokwenda mshazari vinakaa bega kwa bega, njia zote wazi mbele yao, vikimkodolea macho mfalme wa adui. Kwa Kifaransa kipande hicho huitwa fou, yaani mwendawazimu, na sisi Likasi tulikiita wazimu tu. Kaka alipoviweka pale, wazimu wawili weupe waking'aa kwa alumini, nilipiga kelele kwamba ndio huu.

"Yaya! Njo hii! Njo hii!"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kuko nini? Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ninatoa pioni mbili."

"Unatoa mbili? Unapata nini?"

"Kwanza, hakuna kintu."

Mama akatazama ubao, akatazama anga. "Humu nyumbani hakuna hata chumvi, na munatoa bintu bure!" Akarudi ndani, lakini tuliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Kaka alibaki na wasiwasi mmoja. "Mudogo yangu, sikia. Kama akirudisha moja ya hizo pioni kwa haraka, nguvu yako inaisha. Utabaki maskini tu."

"Ule papa? Ule papa harudishake kintu!" nikamjibu, nikimaanisha yule mzee wa stesheni.

Tukafanya mazoezi wiki nzima. Nilikuwa nikichota maji huku vidole vyangu vikisogeza askari hewani. Kila siku nilipita pia ua wa mapadri kumwona bata, maana zawadi ya mshindi ilikuwa bata mnene aliyetolewa na mama mmoja wa kwaya. Nilimsalimia. Sikumbuki kama aliitika.

Jumapili ukumbi ulijaa. Hata jirani yetu, ambaye kanisa lake la maombi lilisema mchezo ule una mapepo, alikuja kusimama dirishani ili ahakikishe vipande havitembei vyenyewe. Bata alifungwa kwenye mguu wa meza ya zawadi. Mzee aliingia, akavua kofia, akanipa mkono. "Karibu, mutoto yangu. Tucheze polepole." Moyo wangu ulikuwa ukicheza dansi peke yake.

Nikasukuma askari wa mfalme. Naye akajibu na wa kwake. Nikatoa wa kwanza. Akamtazama kama mtu anayeokota noti barabarani, akageuza shingo kuona kama kuna mwenyewe, akala. Nikatoa wa pili. Akala. Askari wake akaendelea kutafuna hadi karibu na ngome yangu, na ukumbi ukaguna kwa huruma. Wazimu wangu wa pili alipomla huyo mlafi na kukaa sambamba na mwenzake, nilisikia kaka nyuma yangu akikohoa. Hakuwa na kikohozi.

Mzee akatoa farasi. Nikamsukumia askari. Badala ya kurudi, farasi akaruka katikati ya ubao, peke yake. Nikamleta malkia katikati pia, akawa anamtaka farasi na papo hapo anatishia kumuua mfalme kando ya nyumba yake. Mzee akashika kidevu. Akafikiri muda mrefu, bata akalalamika, mtu akamwambia bata anyamaze. Hatimaye mzee akamrudisha farasi kulinda mlango. Nikamla farasi kwa askari yule yule.

Sasa askari wangu alikuwa amesimama mbele yake, amenona, yuko tayari kuliwa. Niliuma ulimi. Ilinibidi nitazame dari ili uso wangu usinisaliti.

"Pioni ni pioni," mzee akanong'ona, akala.

Malkia wangu akashuka karibu na mfalme, na wazimu akiwa nyuma yake kumlinda. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kifaranga: "Échec et mat, papa. Mfalme amekufa."

Ukumbi ulilipuka. Kaka alininyanyua juu, kiti kikaanguka. Mzee aliinama akafuatilia kwa kidole kila mraba, kisha akaangua kicheko kikubwa ambacho hakuna mtu parokiani aliyewahi kukisikia. "Umenilisha mpaka nimekufa!" akasema. "Onyesha tena. Anza mwanzo."

Nikaonyesha tena, mara kadhaa, hadi mapadri wakaja kufunga ukumbi. Kisha tukatembea kurudi nyumbani, mtaa wa Shituru, kaka amebeba bata kwapani, watu wakituuliza barabarani tumemwiba wapi.

Mama akasema ni aibu kumla bata huyo bila mzee. Basi Jumatano alikuja, akaketi barazani kwetu, na tukala bukari, ugali wetu, na bata sisi wanne mpaka vidole vikang'aa mafuta. Mzee alisimulia jinsi treni moja, zamani, ilivyoondoka stesheni bila dereva kuona kwamba mabehewa yote yamebaki nyuma, na mama akacheka hadi akalazimika kushika ukuta.