Hewani Hakuna Ngazi: Rachael Buya na Nafasi Yake Chuoni

Saa mbili asubuhi, mto Tana umejaa kiasi na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Kwenye ukingo wa kijiji cha Hewani, Jasper Kalla, mkulima wa miaka hamsini na minane, ameinua mguu wake wa kushoto juu ya ubavu wa mtumbwi. Mguu unatetemeka. Hakuna anayemshika.

Hatua mbili nyuma yake amesimama Rachael Buya, suruali ameikunja hadi magotini, mikono wazi tayari kumdaka. Nduguye Jasper yuko ndani ya mtumbwi, ameukita upondo matopeni ili chombo kisiyumbe sana.

Mguu unaingia. Wa pili unafuata. Jasper anajishusha polepole, anakaa, kisha anashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mpunga. Mkewe, Susan, anapiga vigelegele hadi majirani wanachungulia nje.

"Andika tano," Jasper anasema, akijifanya mkali. "Usinibanie leo, daktari."

"Nimeandika, Baba," Rachael anajibu, na anamwonyesha daftari ili ahakikishe mwenyewe.

Ni miezi minane tangu Jasper apatwe na kiharusi kilichomlemaza upande wa kushoto. Shamba lake la mpunga na migomba liko ng'ambo, na tangu siku hiyo hajalitia machoni. Leo atalitia.

Rachael, mwenye umri wa miaka thelathini na mitano, ni mtaalamu wa tiba ya viungo katika kituo kimoja cha afya mjini Garsen. Kwa miaka kumi na mmoja amefanya kazi hiyo peke yake hapo. Siku ya kawaida anahudumia wagonjwa kumi na wawili hadi kumi na watano, na kila Jumanne na Alhamisi anapanda bodaboda kuwafuata vijijini wale wasioweza kufika. Wengi humwita daktari wa mazoezi. Wazee humwita mkandaji, naye ameshachoka kubisha.

"Mtu anakuja, anavua shati, analala kifudifudi, anangoja kukandwa," anasema akicheka. "Namwambia, amka, leo mwenye kazi ni wewe."

Mwaka huu mzaliwa huyu wa Kulesa amekuwa akipigania kitu ambacho hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kukigusa: nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya tiba ya viungo katika chuo kikuu jijini Nairobi. Alianza na diploma. Shahada ya kwanza aliisoma kwa vipande, likizo hadi likizo, kwa miaka mitano. Uzamili aliuomba mara ya kwanza miaka miwili iliyopita, akakataliwa.

Jambo hilo lilimuuma sana, na anakiri kwamba kosa lilikuwa lake.

Fomu ilimtaka kila mwombaji aeleze utafiti anaonuia kuufanya. Rachael aliwaza ni kitu gani kitawapendeza maprofesa, akaandika kurasa nne kuhusu maumivu ya mgongo kwa wafanyakazi wa ofisini wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Aliandika vizuri tu. Tatizo ni kwamba katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amewatibu watu wa aina hiyo watatu.

Baada ya jibu kuja, alimpa kurasa hizo Bwanamkuu, muuguzi kutoka Kipini anayefanya kazi naye. Alitarajia pole. Hakupewa.

"Nalimwambia, dada Rachael, haya ni mambo ya wenye viti vya kuzunguka," Bwanamkuu anakumbuka. "Wewe watibu watu wa mtoni na watu wa ng'ombe. Hao umewaficha wapi? Ama wawaonea haya?"

Rachael alinuna siku mbili. Siku ya tatu akafungua kabati la kituo na kutoa madaftari yake ya zamani.

Fomu ya kawaida aliyokuwa akiitumia kupima maendeleo ya mgonjwa ina swali kama mtu anaweza kupanda ngazi. Miaka ya mwanzo Rachael aliliuliza kama alivyofundishwa. Hewani hakuna ngazi, na Kulesa pia hakuna, kwa hiyo aliandika sifuri baada ya sifuri. Mtu aliyekuwa amesharudi kulima alionekana kwenye karatasi kama hajiwezi kabisa.

Aliyemzindua ni Kadra, mama mfugaji aliyekuwa amevunjika nyonga. Alipoulizwa habari ya ngazi, alimkazia Rachael macho.

"Ngazi gani? Mimi hapana panda ngazi," Kadra alimwambia. "Mimi nataka kuchutama, nikamue ng'ombe. Wewe andika hiyo."

Rachael akaiandika. Tangu hapo, chini ya fomu rasmi, akawa anaongeza maswali yake mwenyewe, kila moja kwa alama kuanzia sifuri hadi tano. Je, mgonjwa anaweza kuchutama akakamua? Anaweza kuinama kupandikiza mpunga mpaka jua la saa nne? Akipanda ukingo wenye utelezi na jerikeni la maji, anafika nalo? Na mtumbwi je, anaingia bila kushikwa?

Kwa swali hilo la mwisho alimwomba mvuvi mmoja mtumbwi wake uliotoboka, akaulaza nyuma ya kituo juu ya magogo mawili ili uyumbe. Wagonjwa hujizoeza humo kwanza. Tano, hata hivyo, haitolewi ila majini, na Rachael hana mchezo na sheria hiyo.

"Nilidhani ni mambo yangu ya kienyeji tu, ya kunirahisishia kazi," anasema. "Sikujua kwamba utafiti wenyewe ndio huo. Miaka yote nilikuwa nimeukalia."

Safari ya pili aliandika habari za mtumbwi. Kabla ya kutuma maombi, yeye na Bwanamkuu waliwapima wagonjwa ishirini, kila mmoja kivyake bila kuchungulia daftari la mwenzake. Walipolinganisha, alama zao zilikubaliana kwa wagonjwa kumi na saba. Kuhusu watatu waliobaki walibishana hadi chai ikapoa.

"Nilipobonyeza kutuma, nilihisi kama nimewakaribisha wageni chumbani kabla sijafagia," Rachael anasema.

Mwezi Machi akaitwa kwenye mahojiano kwa njia ya video. Alikaa kwenye chumba cha kuhifadhia mafaili, penye dirisha linaloshika mtandao, Bwanamkuu akisimama mlangoni kuzuia watu. Maprofesa walikuwa watatu. Mmoja alitabasamu, akauliza kama watu wa huko hawana daraja.

"Daraja tunalo," Rachael alimjibu. "Lakini kuzunguka hadi darajani kisha kurudi mpaka shambani ni safari ya nusu siku kwa miguu. Mgonjwa wangu ana mguu mmoja unaomtii."

Tabasamu likaisha, maswali yakaanza kwa dhati. Profesa wa pili alimtaka aeleze jinsi atakavyothibitisha kwamba kipimo chake kinaweza kuaminiwa hata kikishikwa na mtu asiyemjua mgonjwa, na ni hesabu gani za kitakwimu atakazotumia.

"Nilitaka kubabaisha. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa," Rachael anakumbuka. "Halafu nikasema, sijui, Profesa. Ningejua, nisingeomba kuja kusoma."

Wote watatu wakainama kuandika. Alitoka chumbani akamwambia Bwanamkuu kwamba amejimaliza kwa mdomo wake mwenyewe.

Jibu lilichukua wiki tano. Siku lilipokuja, Rachael alikuwa Kulesa na mgonjwa aliyekuwa akijifunza kusimama tena. Simu ikatetemeka mfukoni, naye akaiacha, kwa sababu mtu alikuwa katikati ya kusimama. Mgonjwa alipokwisha kukaa salama, ndipo akatoka nje, akasoma barua pepe mara tatu. Hakuyaamini macho yake, akampa dereva wa bodaboda amsomee.

"Madam, umepita!" kijana huyo alipiga kelele. "Wamekuchukua!"

Rachael alilia pale pale, bila kujali nani anamtazama. "Nilijivunia. Kwa nini nifiche?" anasema. "Walichokikubali ni kazi yetu ya hapa, jinsi ilivyo. Sikuwaongopea hata neno moja."

Masomo yanaanza Septemba na yatachukua miaka miwili. Mwaka wa kwanza atakuwa Nairobi, na mtaalamu kutoka Hola ameahidi kufika Garsen siku mbili kwa wiki kuwaona wagonjwa wake. Mwaka wa pili atarudi Tana kufanya utafiti, akitarajia kukijaribu kipimo chake kwa wagonjwa mia moja, wa mashambani na wa malishoni.

Kuna jambo moja katika maombi hayo ambalo bado linamkera. Chuo kilidai barua ya mapendekezo kutoka kwa mtaalamu mwenzake aliyewahi kumsimamia kazini, na katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuwa naye. Ilimbidi amtafute mwalimu wake wa diploma, aliyekwisha kustaafu, ambaye tangu enzi hizo hakumwona tena akimtibu mtu.

"Alinisifu vizuri, Mungu ambariki, lakini alikuwa akimsifu msichana wa miaka ishirini na mbili," Rachael anasema. "Mahali fulani hapa Tana kuna mtu yuko darasani sasa hivi ambaye atakuja kuifanya kazi hii pamoja nami. Siku akiomba chuo, hatahangaika kutafuta wa kumwandikia. Nitamwandikia mimi, na nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu."