Kichwa cha Farasi wa Jirani

Tangu nihamishiwe Basotu kufundisha, farasi nilikuwa nawaona kwenye simu tu, mpaka jirani yangu alipomnunua mmoja kwa mwenye shamba aliyekuwa anahama. Jirani huyo ni mzee, na alikuwa amevunjika mguu alipoanguka kutoka kwenye trela la ngano, na ng'ombe wake wanachungwa mbali, upande wa pili wa ziwa. Kupanda punda hakutaka, anakwenda polepole mno. Alitaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo, awaone ng'ombe kwa macho yake.

Shida ilikuwa kichwa. Ukivuta hatamu, farasi anakirusha juu, na mzee alishapigwa puani akatoka damu. Mkewe akatoa neno la mwisho: "Akikutoa damu tena, huyu mnyama anauzwa."

Basi mzee akafanya kama wanavyomfanyia ng'ombe mkali huku: akafunga kamba kutoka kichwani hadi mguu wa mbele. Kwa ng'ombe inasaidia kweli, hawezi kukurupuka. Farasi alipopiga hatua, mguu ukavuta kichwa, akapiga magoti. Bahati nzuri mzee hakuwa amempanda. Nilicheka, halafu nikaona aibu, maana mzee alikuwa karibu kulia.

Mimi kitu nisichokielewa huninyima usingizi. Nikapekua kwenye simu, kumbe kuna mkanda wake kabisa, unaitwa martingeli. Unatoka kwenye mkanda wa pua, unapita katikati ya miguu ya mbele, unashikizwa kwenye mkanda wa tumbo. Lakini urefu je? Ukiwa mfupi, farasi hawezi kujisawazisha. Ukiwa mrefu, ni pambo tu.

"Shikamoo mzee," nikasema, nikamwonyesha picha.

"Marahaba, mwalimu. Na huu si utamwangusha vilevile?"

"Huu haugusi mguu."

Akaitazama picha muda mrefu, akaenda kuleta ngozi ya ng'ombe. Tuliukata mkanda, tukamsimamisha farasi kichwa kikiwa kawaida, tukausukuma juu hadi ukagusa koo, kipimo nilichokisoma kwenye simu. Hapo ndipo tulipotoboa tundu la kuufungia. Mzee akapanda. Farasi akarusha kichwa, mkanda ukamzuia. Akajaribu tena, akatulia. Nikapiga vigelegele peke yangu kama chizi.

Mkewe alikuwa mlangoni. Mzee alipoanza kuelekea ziwani, mkewe akamwita: "Utarudi saa ngapi?"

Tangu mguu ule uvunjike, mzee hakuwa akienda mbali, na mkewe hakuwahi kuwa na sababu ya kumwuliza hivyo.