Vidole vya Nkunga Vilivyofika Geneva

Shangazi yangu Mwanaamina alikuwa fundi cherehani Tukuyu mjini, kwenye kibaraza cha duka la mumewe, Mzee Zuber. Mitumba ilipoanza kumwagika sokoni, watu waliacha kushonesha magauni na mafundi wengine wakafunga kazi. Yeye akageukia kupunguza yale makoti makubwa ya Ulaya yaliyokuwa yakimeza mabega ya watu wetu. Alishona huku redio ikiwa wazi, na alibishana nayo kama mtu aliyeketi mbele yake.

Septemba 1995 redio ilitangaza kuwa Wafaransa wamelipua bomu la nyuklia chini ya kisiwa kimoja cha Bahari ya Pasifiki, kwa majaribio tu. Shangazi akaondoa mguu kwenye cherehani, akamgeukia mumewe.

"Baba Jumaa, umesikia? Wanaitetemesha ardhi kwa makusudi!"

Sisi wa Rungwe tetemeko tunalijua. Moja lilimkuta shangazi akiwa msichana, likaangusha ukuta wa jiko juu ya vyungu vya mama yake, na kwa wiki nzima walilala nje kwenye mvua. Hakuelewa mtu mwenye akili timamu anawezaje kulitengeneza la kwake, tena lenye sumu, karibu na makazi ya wenzake.

Siku chache baadaye akasikia kuwa kuna chama cha akina mama Dar es Salaam kinakusanya saini za kupeleka Geneva, ambako mataifa yalikuwa yakijadili mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Shangazi akakata mita nne za amerikani, akapinda kingo, akatarizi juu yake kwa uzi mwekundu: AKINA MAMA WA RUNGWE TUNASEMA MSILIPUE TENA.

Jumapili iliyofuata alinichukua tukaenda kijiji cha Nkunga, kwa mteja wake Atupele, aliyeongoza kwaya ya kanisa. Ibada ilipokwisha, Atupele alikitandaza kile kitambaa kwenye nyasi na kuwaeleza wenzake kwa Kinyakyusa. Kabla hajamaliza, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Meshaki, akafika amekunja uso. Zilikuwa siku za kampeni za uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na kila mkusanyiko ulimtia wasiwasi.

"Mama, hiki ni chama gani?"

"Si chama, mwenyekiti," shangazi akajibu. "Ni bomu."

Mzee Meshaki akaruka nyuma hatua mbili. Wanawake wakacheka mpaka wengine wakaketi chini. Alipoelezwa vizuri akacheka na yeye, akaenda mwenyewe kutafuta kalamu.

Lakini manyunyu yalikuwa yameshaanza, na kila jina lililoandikwa kwa wino lilitawanyika likawa doa la buluu. Tena mabibi wengi hawakujua kuandika. Shangazi alikuwa ameshaanza kukikunja kitambaa chake, machozi yakimlengalenga, ndipo mmoja wa mabibi hao, Bibi Anyelwisye, alipoinuka. Akaingia migombani, akakata kipande cha mgomba kilichochuruzika utomvu, akachovya dole gumba na kulikandamiza kwenye amerikani.

"Mimi nimefua nguo miaka sitini," akasema. "Utomvu wa mgomba hautoki."

Mwanzoni hakuna kilichoonekana, na vijana waliokuwa pembeni wakamtania. Kufikia jioni alama yake ilikuwa imeiva rangi ya kahawia, na mistari ya kidole unaihesabu. Basi watu wakapanga foleni. Mzee Meshaki naye akanyoosha kidole chake.

"Hiki ni cha akina mama," Atupele akamkumbusha.

"Basi niandikeni mama."

Tukakaa Jumapili tatu tukizunguka, Nkunga, kisha Suma, kisha Lupepo, hadi nafasi nyeupe ikaisha. Mzee Zuber akakifunga kitambaa kwenye mfuko wa nailoni na kukikabidhi kwa dereva wa basi la Dar.

Ikawa kimya. Mwisho wa Januari Wafaransa wakatangaza kuwa wamekoma kulipua, na shangazi akaipongeza redio kwa mara ya kwanza. Mwezi Juni ikaja bahasha kutoka kwa wale akina mama wa Dar, na ndani yake picha: kitambaa chetu kimetundikwa ukutani kwenye ukumbi huko Geneva, na Wazungu wawili wamekiinamia wakichunguza vidole. Bibi Anyelwisye aliisogeza picha ile karibu na macho.

"Wanatafuta changu," akasema.

Septemba 1996 Umoja wa Mataifa ukaupitisha mkataba. Nkunga wakafanya sherehe. Atupele alimwita Mzee Zuber kuwachinja kuku wote yeye mwenyewe, ili kila mtu ale chungu kimoja. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na ndizi kwa maharage, na kwaya iliimba wimbo uliotungwa asubuhi ileile. Shangazi alicheza viatu vikiwa mkononi.

Nilimuuliza kama anaamini kweli kitambaa kile ndicho kilichowazuia wakubwa.

"Siyo chenyewe," akasema, akihema kwa kucheza. "Watu walikataa dunia nzima. Ila na sisi tulikuwemo, Shadya."

Baadaye alijifunza kuwa mkataba ule hauanzi kazi mpaka nchi kadhaa kubwa ziuridhie, na hilo lilimuudhi sana. Mwaka 2004, redio iliposema Tanzania nayo imetia saini na kuridhia, hakumaliza hata pindo alilokuwa akishona. Alipanda gari kwenda Nkunga kumwambia Atupele. Wakakaa jikoni wakila maparachichi na kunywa chai, wakikumbushana nani alisema nini, mpaka gari la mwisho la kurudi mjini likampita, akalala hukohuko.